Somo la 9: Kuweka Tofali Chini

SABATO MCHANA

Soma kwa Ajili ya Somo la Juma Hili: Kut. 5:1–9, Kut. 6:9; Kut. 16:14–30, Kum. 5:12–15, Amo. 8:4–6, Mk. 1:35–38, Mk. 6:30–34, Lk. 10:38–42, 1 Kor. 7:35.

Fungu la Kukariri: Marko 6:31. Kama una Biblia ya karatasi, juma hili likariri kutoka humo.

Kabla ya daraja, sisi tuliokwenda Sengerema kutoka Mwanza tulivuka kwa kivuko, Kigongo hadi Busisi. Mara nyingi ulikuta kivuko kimekwisha kuondoka, ukakaa kusubiri. Watu walinunua mihogo na samaki wa kukaanga, wakaulizana habari za mvua na misiba. Mwingine alilitazama ziwa tu. Nimevuka hapo kwa miaka mingi, na katika miaka ya mwisho niliona vichwa vimeinama. Kivuko kilikuwa kilekile na ziwa lilelile, lakini kila mmoja alikuwa na simu mkononi, na aliyekaa kando yako angeweza kulia usijue.

Nami nilikuwa mmoja wao. Siku ya Jumatano nitaeleza nilichopoteza.

Somo hili halikuandikwa ili kuilaani simu. Wengi wetu tunalisoma kwenye simu, tunatuma zaka na sadaka kwa simu, na habari za wagonjwa wa kanisa tunazipata humo. Wako wanaosema kwamba simu ilitabiriwa katika Danieli 12:4, pale panaposemwa habari za kuongezeka kwa maarifa. Huwa nawaomba waisome tena sura ile, maana inahusu kufunguliwa kwa unabii wa Danieli, na haisemi habari za vifaa. Swali letu juma hili ni dogo kuliko hilo, lakini ni gumu: je, naweza kuiweka chini? Mtu huru huweka chini alichoshika anapotaka. Mtumwa husubiri ruhusa.

JUMAPILI
Kazi Iliyoongezwa ili Watu Wasisikie

Soma Kutoka 5:1–9. Farao aliongeza kazi kwa sababu gani? Angalia hasa mstari wa 8 na wa 9.

Musa na Haruni waliomba jambo dogo tu: mwendo wa siku tatu jangwani, wakamwabudu Bwana. Farao akakasirika. Katika mstari wa 5 analalamika kwamba wanawapumzisha watu na kuwaacha waache mizigo yao, na neno la Kiebrania analolitumia hapo lina mzizi uleule wa neno Sabato. Kwa hiyo ugomvi wa kupumzika ulianza Misri, kabla watu hawajafika Sinai.

Kisha akatoa amri: wasipewe tena majani makavu ya kufanyia matofali, wakayatafute wenyewe, na hesabu ya matofali isipungue hata moja. Tukisoma haraka tutadhani alitaka matofali zaidi. Hakutaka hivyo, maana hesabu ilibaki ileile. Mstari wa 9 unaeleza alichotaka: watu washikwe na kazi nzito hata wasipate nafasi ya kuyaangalia maneno ya Musa. Kazi ile ilikuwa ya kuziba masikio, na ilifanikiwa. Soma Kutoka 6:9. Musa aliporudi kwao na ahadi nzuri kuliko zote, ya ukombozi, ya kufanywa kuwa taifa la Mungu, ya nchi waliyoapiwa baba zao, hawakumsikiliza. Roho zao zilikuwa zimechoka, na utumwa ulikuwa mgumu.

Sasa tujiulize habari za siku zetu. Mwezi wa Novemba 2017, Sean Parker, aliyekuwa rais wa kwanza wa kampuni ya Facebook, alikiri hadharani kwamba walipokuwa wakiujenga mtandao ule walitafuta namna ya kuchukua muda na usikivu wa watu kwa kadiri kubwa iwezekanavyo, na kwamba walijua wanautumia udhaifu uliomo katika akili ya mwanadamu. Simwiti mtu huyu Farao. Huenda alisema kweli kuliko wengi wa wenzake. Lakini mkristo anayejilaumu kila usiku kwamba hana nidhamu, kwamba alitaka kuangalia meseji moja akajikuta saa nzima imepita, ni vema ajue kwamba upande wa pili wa kile kioo wako watu wenye elimu kubwa wanaolipwa ili asiache. Kulijua hilo hakumwondolei wajibu wake. Humsaidia tu kuelewa kwa nini ahadi anazojiwekea usiku hazifiki asubuhi, na kwa nini anahitaji msaada kutoka nje ya nafsi yake, kama Israeli walivyouhitaji.

Ni jambo gani katika juma lililopita ulilisikia nusu tu? Nani alikuwa akisema?

JUMATATU
Mana Ilikuwa na Kipimo

Soma Kutoka 16:14–30. Watu waliotoka kwenda kuokota mana siku ya saba walipata nini?

Mwaka 2006 mbunifu mmoja wa kompyuta, Aza Raskin, alitengeneza ukurasa usio na mwisho: ukifika chini, unajiongeza wenyewe. Zamani ulifika mwisho wa ukurasa, ukajiuliza kama uendelee au uache. Baada ya ubunifu ule, swali hilo haliulizwi tena. Yeye mwenyewe amekwisha kusema hadharani kwamba anajutia matokeo yake.

Chakula cha Mungu jangwani kilikuwa na mwisho. Pishi moja kwa kila mtu, kila siku. Jua likipata nguvu, iliyobaki inayeyuka. Siku ya sita mara mbili. Siku ya saba hakuna. Hata hivyo wako waliotoka siku ya saba kwenda kuangalia, na hawakuona kitu. Nikisoma mstari wa 27 najiona mwenyewe nikiifungua simu Sabato saa nane mchana. Hakuna aliyepiga, hakuna habari ninayoingoja. Natoka tu kwenda kuangalia, kama wale, na kama wale narudi mikono mitupu.

Katika Kumbukumbu la Torati 5:14, 15 Sabato inatolewa kwa watu waliokuwa watumwa, wakumbuke hivyo, na mtumwa wa kiume na wa kike nao wapumzike sawasawa na bwana wao. Hapa nina ungamo. Kazi yangu ni elimu katika kanisa, na kwa miaka kadhaa nilikuwa na desturi ya kutuma ukumbusho wa ripoti za robo kwa viongozi wa Shule ya Sabato usiku wa Ijumaa, maana ndipo nilipopata utulivu. Dada mmoja, katibu katika kanisa la kijijini, aliniambia kwa upole, “Mzee, ujumbe wako huingia tukiwa katika wimbo wa kufungua Sabato. Nikiuona, moyo unaenda kwenye ripoti, haurudi.” Nilikuwa nikipumzika mimi, na tofali nimempa yeye.

JUMANNE
Mapumziko ya Kuvuka Ziwa

Soma Marko 6:30–34. Wanafunzi walikuwa wamechoshwa na kazi ya namna gani?

Hawakuwa wamechoka kwa upuuzi. Walikuwa wametoka kuhubiri wawili wawili, kutoa pepo na kuponya wagonjwa. Tena katikati ya kutumwa kwao na kurudi kwao, Marko ameweka habari za kuuawa kwa Yohana Mbatizaji (mistari ya 14–29). Kwa hiyo wamerudi na furaha ya kazi wakakuta na msiba. Na watu wanaingia na kutoka, wengi, hata chakula hakiliki. Ndugu anayesema simu yake ni ya kazi ya Bwana tu, makundi yake yote ni ya kwaya, ya huduma za familia, ya maandalizi ya makambi, asome mstari wa 31 polepole. Walioitwa kupumzika pale walikuwa watenda kazi wa Bwana.

Yesu hakuwauliza kama kazi imekwisha. Ingekuwa hivyo wasingepumzika kamwe. Aliwaita waje wenyewe, mahali pasipo na watu, wapumzike kidogo. Neno hilo “kidogo” limo katika Kiyunani cha Marko, na mimi limenifariji sana, kwa sababu wengi wetu tunadhani mapumziko yanayokubalika ni ya mwezi mzima milimani, na kwa kuwa hatuyapati, hatupumziki hata nusu saa.

Sasa angalia yaliyotokea. Walipanda chomboni. Watu wakawaona, wakapiga mbio kwa miguu kutoka miji yote, wakawatangulia. Waliposhuka, mkutano ule ule uko ufuoni. Basi walipumzika lini? Ni wakati wa kuvuka tu. Ziwa la Galilaya lina urefu wa kilomita 21 hivi, na mahali palipo papana zaidi halizidi kilomita 13. Sisi wa Ziwa Viktoria tungeliita kidimbwi. Na sidhani kwamba walilivuka lote. Mapumziko aliyoyaamuru Mwana wa Mungu yalikuwa muda mfupi ndani ya mtumbwi, pamoja naye, mahali ambapo hakuna mtu angeweza kuwafikia.

Yesu alipowaona wale watu aliwahurumia. Hakuwakasirikia kwa kumkatiza. Hili ni muhimu kwa wale wanaogeuza mapumziko kuwa ukuta. Daktari wa zamu, muuguzi, mtu mwenye mgonjwa hospitali, shemasi anayesubiri simu ya familia yenye msiba, hao wakiacha simu zao wazi siku ya Sabato wasiangaliwe kwa jicho baya. Lakini angalia pia mstari wa 46. Baada ya kuwalisha watu, Yesu aliwaaga, akaenda mlimani kuomba. Faragha yake ilikuwa imeahirishwa kwa saa chache, basi. Na katika Marko 1:35–38, Simoni na wenzake walipomfuata wakimwambia kwamba watu wote wanamtafuta, hakurudi nao mjini. Aliwaambia waende vijiji vingine. Siku moja aliukubali umati, siku nyingine akauacha, na katika siku zote mbili yeye ndiye aliyeamua.

Una “mtumbwi” wowote katika siku yako, muda ambao hakuna anayeweza kukufikia? Kama haupo, uliondoka lini?

JUMATANO
“Unanisikia, Baba?”

Soma Luka 10:38–42 na 1 Wakorintho 7:35.

Luka anaposema habari za Martha kuhangaika, anatumia neno la Kiyunani lenye maana ya kuvutwa huku na huku, kama mtu anayekokotwa pembeni na kitu alichofungwa nacho. Martha alikuwa nyumbani mwake, na mgeni wake ni Bwana mwenyewe, lakini yeye alikuwa ameshavutwa mbali. Paulo, anapowaandikia Wakorintho habari za kumhudumia Bwana bila kuvutwa, anatumia neno la shina lilo hilo.

Nilivuka kwenda kumwona mama yangu kijijini, Sengerema. Ilikuwa Sabato, tumetoka kanisani, tumekula, amekaa chini ya mwembe kwenye kiti chake cha kamba nami karibu naye. Katika kundi la walimu wa Shule ya Sabato kulikuwa na mjadala juu ya somo la juma lile. Wawili walikuwa wamekosea jambo, nami nikaona ni wajibu wangu kuwasahihisha. Naandika, nafuta, naandika tena. Mama anasema. Naitikia, “Mm.” Anasema tena, polepole, kama alivyozoea anapotaka jambo lishikwe. Mwishoni akauliza, “Unanisikia, baba?” Nikamjibu, “Nakusikia, mama.” Akanyamaza, ameridhika.

Alifariki miezi minne baadaye. Tulipokuwa tumekaa baada ya mazishi, dada yangu aliniuliza kama nimekwisha kwenda kwa yule mtu. Mtu gani? Akashangaa. Akaniambia kwamba mama alimweleza kuwa kuna mtu waliyekosana naye miaka mingi, amemsamehe, na kwa kuwa miguu haimwezeshi kufika huko, amenituma mimi kama mwanawe mkubwa nipeleke neno hilo. Dada alipomuuliza jina, mama alisema hakuna haja ya kulirudia, “nimekwisha kumwambia kaka yako kila kitu, amenisikia.”

Nimeuliza kwa majirani. Nimeuliza kwa mama wadogo. Wengine wanakisia huyu, wengine yule. Nilimwendea mmoja, mzee, nikamweleza. Akasema kwamba yeye na mama hawakuwahi kukosana. Yuko mahali fulani mtu aliyesamehewa ambaye hajui, na aliyepewa ujumbe wake ni mimi.

Najua kwamba Mungu anaweza kumfikia mtu huyo bila mimi. Nimeomba hivyo, na naamini. Lakini sitaki kuifanya habari hii iwe nyepesi kwa msomaji, kwa sababu kwangu haijawa nyepesi. Yale niliyowasahihisha wenzangu siku ile siyakumbuki. Somo lenyewe silikumbuki.

Mariamu aliketi akasikiliza. Yesu alisema kwamba fungu lake halitaondolewa. Yaliyosikiwa hubaki kwa aliyeyasikia.

ALHAMISI
Siku ya Maandalio

Soma Amosi 8:4–6. Wafanyabiashara wale walikuwa wakiishika Sabato. Kosa lao lilikuwa nini?

Hawakuuza ngano siku ya Sabato. Walifunga ghala, wakakaa, na mioyo yao ikauliza itakwisha lini. Nimeona sisi nasi tukiimba wimbo wa kufunga Sabato jicho moja likiwa kwenye mfuko wa koti. Kuzima data hakumgeuzi mtu kuwa mtakatifu. Lakini pia sijaona mtu aliyeweza kuketi miguuni pa Bwana huku mkono wake haujatulia.

Nyumbani kwetu tuna kikapu cha ukili karibu na mlango. Ijumaa, kabla jua halijazama, simu zinaingia humo. Simu ya mke wangu inabaki wazi kwa kupigiwa, maana dada yake ni mgonjwa. Data tu ndiyo inazimwa. Aliyezoea kunipata kwa meseji nilimwambia mapema kwamba kama kuna msiba au ugonjwa apige. Mambo yaliyobaki yalisubiri, na hakuna lililoharibika. Sabato ya kwanza ilikuwa mbaya. Mtoto wetu wa mwisho aliuliza saa kila baada ya muda mfupi, nami nilijigusa mfukoni mara nyingi nisipokuwa na kitu. Ya pili haikuwa nzuri sana pia. Mwezi wa pili, mchana, kijana wetu ambaye huwa hasemi alianza kunieleza jambo la shuleni lililokuwa likimsumbua tangu mwaka uliopita. Ilichukua saa mbili.

Saa ya kuamsha ya mezani tulinunua sokoni, ili simu isiwe na sababu ya kulala chumbani. Kesha la Asubuhi sasa nalisoma kabla ya kushika simu. Hili bado linanishinda siku nyingine, hasa Jumatatu.

Kuhusu Biblia iliyo ndani ya simu, nimesikia wazee wa kanisa wakikataza mimbarani, kisha dakika kumi baadaye tunatangaziwa namba ya kutumia sadaka. Tusiwachanganye waumini hivyo. Yuko mama katika darasa letu ambaye macho yake yamepungua. Kwenye simu anakuza herufi mpaka anasoma mwenyewe, jambo ambalo kwa Biblia ya karatasi halikuwezekana tena. Mwacheni asome. Azime data kabla ya kuingia kanisani, basi. Kijana asiye na shida ya macho, na ambaye Biblia yake imefunikwa na vumbi juu ya kabati, huyo ashauriwe tofauti, na ashauriwe faraghani.

IJUMAA
Kwa Kujifunza Zaidi: Ellen G. White, katika Tumaini la Vizazi Vyote, ameandika sura nzima juu ya Yesu kuwaita wanafunzi wake wapumzike (sura ya 38). Isomeni pamoja kama familia, mmoja akisoma kwa sauti na wengine wakisikiliza. Soma pia Kumbukumbu la Torati 6:4–7, uangalie neno la kwanza la amri ile, na mahali ambapo watoto wanatakiwa kufundishwa.

Maswali ya Kujadili:

1. Farao alitumia kazi kuzuia watu wasisikie. Katika mazingira yenu, ni nini kinachofanya kazi hiyo kwa kijana? Kwa mzazi? Kwa kiongozi wa kanisa? Msiharakishe kuanza na vijana.

2. Kumbukumbu la Torati 5:14 inamtaja mtumwa apumzike kama bwana wake. Kama darasa au kanisa, ni ujumbe gani tunaotumiana kati ya machweo na machweo ambao ungeweza kusubiri? Mnaweza kukubaliana nini leo kabla hamjaachana?

3. Yesu aliukubali umati katika Marko 6 na kuuacha katika Marko 1. Mtu atajuaje lini kukatizwa ni wito wa huruma, na lini ni kuvutwa tu? Toeni mifano ya kweli.

4. Yuko mtu juma hili aliyekuuliza kama unamsikia? Ulimjibu nini, na bado unayakumbuka aliyosema?